Jogoo Aliyeatamia

Baiskeli ya Sikelo haikuwa na kengele, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni wa Mulelemba aliambiwa, kabla hata hajaoneshwa kisima. Waendesha kabaza wengine, wale wanaobeba watu kwenye kiti cha nyuma kutoka kijijini hadi barabara ya lami, walikuwa na kengele mbili mbili. Gilosi, rafiki yake, alikuwa na honi ya kuminya iliyolia kama bata aliyekanyagwa. Sikelo hakuwa na kitu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa haya nyingi, hata kusema "pisha" kulimshinda. Alikuwa akikohoa.

Kuku wa Mulelemba hawakujua kikohozi kina maana gani, kwa hiyo aliwagonga. Katika mwaka mmoja aligonga kuku wanne, mbuzi mmoja, na mzee wa kanisa aliyekuwa amesimama njiani akisali, macho kayafumba. Mzee alipotolewa kwenye shamba la mbaazi alisema kweli alisikia mtu akikohoa, lakini alidhani ni mgonjwa, akamwongeza kwenye sala.

Kengele ilikuwapo zamani, tena nzuri. Sikelo aliing'oa mwenyewe.

Siku zile alipokuwa amemwoa Enelesi karibuni, alizoea kuipiga mara mbili akikaribia nyumbani, na Enelesi naye alijibu kwa kugonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, mara mbili. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao makubwa, na yaliwatosha. Kisha wakapata mtoto wa kwanza, msichana, wakamwita Tiyanjane. Wiki ya pili baada ya kujifungua, Sikelo alipiga kengele akasikia mkewe analia. Kesho yake akapiga, akasikia tena kilio. Alifikiri kwa siku tatu, akachukua bisibisi akaing'oa kengele, akaitupa.

Enelesi hakuacha kulia. Sikelo akaona labda ni mnyororo, akaupaka mafuta usikwaruze. Kisha akawa anashuka kwenye kona na kuikokota baiskeli polepole. Mwishowe akawa anachelewa kurudi, ili asisumbue. Kadiri alivyopunguza kelele ndivyo nyumba ilivyozidi kuwa kimya. Enelesi alikaa kitandani ameutazama ukuta kana kwamba kuna mtu amemwandikia barua pale, na mtoto alipolia alimtazama kama mtoto wa jirani. Ilichukua miezi mitano. Halafu polepole akarudi, kama mtu aliyekwenda mtoni akakawia, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Wa kuuliza alikuwa nani? Mulelemba, kama vijiji vyote vya chini ya mlima Mulanje, mwanamume huhamia kwa mkewe. Hujenga nyumba kwenye uwanja wa wakwe, hulima shamba la wakwe, na mambo ya uzazi si yake, ni ya mama mkwe. Mama mkwe wa Sikelo aliitwa Nachisale. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa sauti. Alikuwa na msemo aliourudia kila mwanamume mgeni alipofungua kinywa kijijini: mume wa kuja ni jogoo wa kuazima, akimaliza kazi yake hana la kuwika.

Tena ilikuwa desturi kwamba mkwe wa kiume na mama mkwe wasitazamane usoni, wasigusane mikono, na wakikutana njiani mwanamume aingie porini. Wanaume wengine walilalamika. Sikelo aliipenda desturi hiyo kuliko desturi zote duniani, maana ilikuwa kama imetungwa kwa ajili ya wenye haya. Katika miaka minne alikuwa amemwambia Nachisale maneno kumi na moja, na kumi kati ya hayo yalikuwa "ndiyo."

Wakati ule wa ukuta, Nachisale alisema kwanza kwamba mwanawe amerogwa na wenye wivu. Baadaye akasema ni uvivu. Mwishowe akamwita mganga, ambaye alidai kuku mweupe, akamla, akasema hali itakuwa nzuri, akaenda zake. Sikelo alisema, "Ndiyo, mama."

Sasa, zahanati yao ikaleta utaratibu mpya: mwanamke mjamzito anayekuja na mumewe ahudumiwe kwanza, ili baba naye asikie mafunzo. Aliyekuja peke yake alikaa kwenye benchi hadi jua lihamie upande wa pili wa mlima. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila waume hawakuwapo. Nusu walikuwa Johanesi, kule Afrika Kusini, wakichimba na kujenga, na nusu waliobaki walisema mambo ya matumbo si ya mwanamume, wakaenda kucheza bao.

Wa kwanza kupata akili alikuwa Tereza, ambaye mumewe Foster Malunga alikuwa Johanesi mwaka wa pili, akiwa amekuja nyumbani likizo mara moja tu. Alipanda kabaza ya Sikelo, na walipokaribia zahanati akamuuliza kama angeweza kukaa naye ndani kidogo, awe mume mpaka saa nne hivi. Sikelo alikohoa. Tereza akahesabu kikohozi kuwa ndiyo. Basi akawa Foster Malunga.

Habari zikaenea. Waendesha kabaza wengine walijaribu biashara hiyo, lakini walikuwa na midomo. Gilosi alikodiwa mara moja tu. Muuguzi alipomuuliza mimba ina miezi mingapi, alijibu kwa kujiamini kwamba ni ya Oktoba, na alipoulizwa Oktoba ipi akasema, "Zote." Sikelo hakujibu kitu, alitazama chini tu, na muuguzi aliandika kwenye daftari kwamba baba ana haya ila anaonesha upendo. Wanawake waligundua kwamba mume asiyesema hakosei. Kufikia mahindi kuchanua alikuwa amekuwa mume mara tisa. Kila mara alibadilisha kofia, akiamini kofia inatosha.

Nyumbani hakusema lolote, si kwa kuficha, bali kwa sababu hakuwa na mazoea ya kusema. Samaki wadogo wakavu waliongezeka jikoni, na Enelesi hakuuliza.

Muuguzi alikuwa Sista Mwandida, mwanamke mrefu aliyeletwa kutoka Zomba, mwenye miwani aliyoivaa kichwani muda wote huku akiitafuta mezani. Bila miwani hiyo wanaume wote kwake walikuwa kofia tu, ndiyo maana Sikelo alipona muda mrefu. Lakini kufundisha alijua. Aliwafunga wanaume unga wa mahindi tumboni kwa kitenge, kisha akaangusha ufunguo sakafuni na kuwaamuru wauokote, wafagie, wapande ngazi, walale na kuinuka bila kushika kitu. Wanaume wawili walikimbia siku ya kwanza na unga wakaenda nao. Aliwapa pia mtoto wa maganda ya mahindi, wajifunze kumbeba mgongoni, kumbadilisha, kumbembeleza. Sikelo ndiye aliyeongoza darasa. Kufikia mke wa sita aliweza kumfunga mtoto wa maganda mgongoni kwa mkono mmoja, na wanawake waliacha kusuka wakamtazama.

Kisha lilikuja somo la mwisho, na hapo Sista alishusha sauti. Aliwaambia kuna huzuni inayomjia mama baada ya kujifungua, isiyo uchawi wala uvivu wala kiburi. Mtoto amelala, mama halali. Chakula kipo, hali. Analia bila kupigwa, anamtazama mwanawe asimwone, anajiona hafai kitu. Baba ndiye aliye karibu, alisema, baba ndiye anayeweza kuona kwanza, lakini baba asiyefundishwa hudhani amechukiwa, akakimbia. Tena huzuni hiyo ikishampata mtu kwa mtoto mmoja, yaweza kurudi kwa mwingine. Ila nyumba iliyojiandaa mapema, mume akajua la kufanya, mama akapata usingizi na mtu wa kumsikiliza, na zahanati ikaambiwa bila kuchelewa, huwa haipigwi sana.

Mara ya kwanza Sikelo kuyasikia hayo alikuwa Foster Malunga, na unga tumboni. Machozi yalimtoka, yakadondokea kwenye kitenge, unga ukaanza kuwa uji. Tereza alimfinya.

"Acha bwana," alimnong'oneza. "Utaonekana unanipenda kupita kiasi."

Mara ya tisa kuyasikia, Enelesi alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa mzima, anacheka, anapukuchua mbaazi. Lakini mara nyingine, katikati ya kupukuchua, aligeuza shingo akautazama ukuta kidogo, kama mtu anayehakikisha kama mbwa wa jirani bado amefungwa. Sikelo aliona, na hakulala vizuri. Aliamua kumpeleka kwenye mafunzo, safari hii akiwa mume wa kweli.

Alimwambia Enelesi kwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, yapata maneno ishirini. Enelesi alimpelekea mama yake habari hizo. Nachisale alisema amezaa watoto saba bila mwanamume kukaribia hata kivuli cha mlango, na kama sasa kuna dawa inayohitaji mwanamume, atakwenda kuiona kwa macho yake.

Safari hiyo ilikuwa ya taabu. Enelesi alikaa kwenye kiti cha nyuma. Nachisale alitembea kwa miguu, maana mama mkwe hawezi kupanda baiskeli ya mkwewe na kumshika kiuno, mbingu zingeanguka. Sikelo hakuweza kumwacha nyuma, wala hakuweza kugeuka kuona amefika wapi. Basi aliendesha polepole mpaka baiskeli ikaanguka mara mbili ikiwa imesimama. Bata wa watu waliwapita.

Walifika, wakakaa kwenye benchi. Sista Mwandida alifungua daftari, akauliza jina la mama, akajibiwa. Akauliza jina la baba.

Mtu aliyefanya jambo mara tisa, mdomo wake huwa na njia yake. Na siku hiyo Sikelo alikuwa amejiapiza kusema kwa sauti, kama mwanamume, ili mkewe aone fahari.

"Foster Malunga," alisema, na zahanati nzima ikasikia.

Enelesi aligeuza kichwa polepole. Kwenye benchi la chanjo, Tereza alikuwa na mtoto wake wa miezi miwili. Alijaribu kunyamaza, lakini hakuumbwa hivyo.

"Jamani, huyo Foster ni wangu," alisema.

"Wako vipi?" akadakia mwanamke mwingine kutoka mlangoni. "Kwangu mimi huyo alikuwa Bwana Kachepa."

Wa tatu akasema kwake alikuwa na kofia nyekundu na jina la Mussa. Sista Mwandida alipapasa meza akitafuta miwani, mwanamke mmoja akamshushia kutoka kichwani mpaka puani, na kwa mara ya kwanza tangu aje kutoka Zomba akamwona Sikelo. Akafunua daftari nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Baba ana haya ila anaonesha upendo. Baba ana haya, mpole sana. Baba ana haya, hodari kwa kubeba mtoto. Tisa.

Nachisale aliweka kikapu chake chini. Kwa kuwa desturi haikumruhusu kusema na mkwewe, aliuambia ukuta. "Mimi nilijua tumeazima jogoo," alisema. "Kumbe kata nzima imeazima."

Watu walicheka hadi mtoto mmoja aliyekuwa akipigwa sindano akasahau kulia. Sikelo hakuwasikia. Alikuwa akimtazama Enelesi, na Enelesi alikuwa akitazama upande ule mama yake aliokuwa akiusemesha. Alikuwa akitazama ukuta.

Sikelo aliinuka. Hakujua ameinuka ili afanye nini, miguu ndiyo iliyoamua. Sista Mwandida alimwambia kwamba mtu aliyelisikia somo mara tisa kwa majina tisa hana haja ya kulisikia mara ya kumi, basi leo yeye Sista atakaa apumzishe miguu, na Bwana Foster Kachepa Mussa na wengineo atafundisha.

Sikelo alikohoa. Wakacheka tena. Alijifunga unga tumboni, akaangusha ufunguo, akauokota huku akieleza nyonga inavyouma na kwa nini mume asimwambie mkewe kwamba anajidekeza. Alimfunga mtoto wa maganda kwa mkono mmoja. Sauti yake ilianza ndogo kama ya mbu, ikakua, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuisikia, kwa hiyo walianza kunyamaza ili waisikie. Kisha akafika kwenye somo la mwisho. Alishusha sauti mahali pale pale Sista alipozoea kuishusha. Akaeleza yote, usingizi, chakula, ukuta. Halafu akatoka nje ya somo.

"Mimi nyumbani kwangu nilidhani ni kengele," alisema. "Mke wangu alikuwa akilia nikipiga kengele, nikaing'oa. Mganga alikula kuku, mimi nikang'oa kengele. Hakuna aliyemuuliza yeye. Haya ya kuwa mume wa watu nilianza kwa ajili ya nauli, sitadanganya. Niliendelea kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa vizuri."

Wake zake tisa, wale waliokuwapo, waliacha kucheka. Nachisale alikuwa amekitazama kikapu. Enelesi alizungumza bila kuinua kichwa, lakini walimsikia.

"Kengele nilikuwa naipenda," alisema. "Nilikuwa nalia kwa sababu nikiisikia najua umefika, nami sina nguvu ya kufurahi."

Sista Mwandida alivua miwani akaifuta, kisha akairudisha kichwani, na kuanzia hapo hakuona tena kitu. Mpaka leo watu husema alifanya makusudi.

Walirudi nyumbani, safari hii Nachisale akatembea mbele, haraka, kama mtu anayewakwepa wadai. Hakuwa amekubali kitu. Aliwaambia majirani kwamba alizaa saba na hakufundishwa na mwanamume mwenye tumbo la unga. Lakini Enelesi aliingia ndani, akapekua mtungi wa mbegu za maboga, akatoa kengele iliyofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa ameiokota mwenyewe tangu siku ilipotupwa. Aliifunga kwenye usukani kwa mkono wake, na kesho yake kuku wa Mulelemba walikimbia kwa wakati, wakashangaa.

Kuanzia hapo Enelesi akapata wake wenza ambao hakuwaomba. Wale tisa walikuwa wakipita kumsalimu, wakimwita mke mkubwa, wakimuuliza kwa utani mume wetu amekula nini leo. Mmoja alileta kuni, mwingine alifua, mwingine alikuja kukaa tu na kusema habari za watu. Tereza alikuja kila Alhamisi na kudai kwamba ni zamu yake. Foster Malunga mwenyewe alipiga simu kutoka Johanesi akataka kujua yule Foster mwingine anaendeleaje, na kama anakumbuka kukarabati paa. Sikelo alilikarabati.

Mtoto alizaliwa Juni, mvumbi wa chiperoni, ile mvua nyembamba ya baridi, ukishuka kutoka mlimani siku ya tano mfululizo, baridi hadi mbwa walilala jikoni. Mtoto wa kiume, mzima. Siku kumi zilikwenda vizuri. Sikelo alipiga kengele mara mbili, na ndani kifuniko cha sufuria kikajibu mara mbili.

Siku ya kumi na mbili, mchana, alipiga kengele na hakujibiwa.

Aliingia. Mtoto alikuwa amelala. Enelesi alikuwa macho, uso ukutani. Nsima ya asubuhi, ugali mzima, ilikuwa palepale na ya jana yake chini yake. Sikelo alimuuliza amelala lini, akasema hajui. Alimuuliza anahisi nini, akasema mtoto huyu angepata mama mwingine ingekuwa heri kwake. Sikelo hakukimbia. Alikaa chini, akahesabu kwa vidole yale aliyoyafundisha mwenyewe. Vidole vilijaa mkono.

Jambo la kwanza lilikuwa usingizi, na Enelesi hangelala mtoto akiwa pembeni yake. Lakini mtoto mchanga hakushikwa na baba mpaka bibi amwoshe kwa majani na kumkabidhi rasmi, yaani mwezi mzima, na wakati huo mtoto alikuwa mali ya Nachisale. Na Nachisale alikuwa jikoni kwake, mahali ambapo mkwe wa kiume haingii hata nyumba ikiungua.

Sikelo alikwenda mpaka mlangoni. Akakohoa. Nachisale, aliyekuwa akikoroga kinywaji cha mahindi kwenye sufuria kubwa, alidhani ni mbwa, akamwambia atoke. Sikelo akaingia.

"Mama," alisema, akitazama majivu, "namwomba mtoto."

Nachisale hakugeuka. Aliiambia sufuria, "Anamtaka wa nini? Ana maziwa?"

"Enelesi hajalala tangu juzi. Hajala. Ukuta umerudi."

Mwiko ulisimama, kisha ukaendelea. "Amechoka tu. Tutamwita yule mzee wa kuku mweupe."

"Kuku alimshibisha mzee, mama. Mwanao alibaki vilevile miezi mitano. Nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo. Leo sisemi ndiyo."

Sufuria ikachemka peke yake. Nachisale alitafuta maneno yake makubwa kuliko yote.

"Toka lini," alisema, "jogoo akaatamia?"

Sikelo alikuwa na jasho mgongoni ingawa kulikuwa na baridi. Angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa hatua moja.

"Jogoo wa kuazima, mama, si kwao hapa, kuwika amekatazwa," alisema. "Basi aachwe aatamie."

Nachisale alicheka kabla hajajizuia. Alijiziba mdomo kwa mkono wenye mwiko, uji wa moto ukampaka pua, akacheka zaidi. Na mama mkwe aliyecheka mbele ya mkwewe na uji puani hana tena desturi ya kujifichia. Alijipangusa, akaenda nyumbani kwa Enelesi, akarudi na mjukuu wake, akamkabidhi kwa mikono miwili huku uso kaugeuzia mlimani, kama mtu anayepokeza chungu cha moto. Sikelo alirusha kitenge, akainama, akamfunga mtoto mgongoni kwa mkono mmoja.

Nachisale alilitazama lile fundo. Lilikuwa zuri kuliko lake.

"Nani alikufundisha?" aliuliza, akisahau kuiuliza sufuria.

"Maganda ya mahindi, mama."

Enelesi alilala mchana huo kuanzia saa saba hadi jua likaribie kuzama, na Sikelo alizunguka uwanja na mtoto mgongoni, akimrudisha kunyonya na kumchukua tena, Tiyanjane akimfuata nyuma na mwanasesere wa kitambaa amemfunga vilevile. Wanaume waliotoka kwenye bao walisimama uani wakauliza yai litaanguliwa lini. Nachisale aliwatokea na mwiko.

Asubuhi Sikelo alisema ni kwenda zahanati, na leo. Enelesi aliafiki kwa kichwa tu. Ilikuwa siku ya tatu hajatabasamu. Gilosi aliitwa ambebe yeye na mtoto. Nachisale akajifunga kitenge cha kusafiria, akasema anakwenda, maana ana maswali kwa yule Sista. Lakini chiperoni ilikuwa imemkamata goti, na njia ilikuwa tope tupu. Kabaza nyingine haikuwapo. Ilikuwapo ya Sikelo peke yake.

Walisimama wote uwanjani wakiitazama baiskeli. Kiti cha nyuma kilikuwa kimoja, na mbele yake kilikuwa kiuno cha mkwe.

Ni Nachisale aliyepata njia. Alikizunguka kile kiti mara moja, akakikalia kinyumenyume, mgongo wake ukaelekea mgongo wa Sikelo na kanga ya pili imekunjwa katikati nguo zisigusane. Akashika chuma kwa mikono miwili, akatazama alikotoka.

"Twende," aliiambia nyumba yake.

Wakaenda. Gilosi mbele na Enelesi na mtoto, Sikelo nyuma na mzigo wake. Watu wa Mulelemba walitoka milangoni. Kila aliyemwona Nachisale alimwona akiwa amekwisha kupita, akimtazama usoni huku akipungua ukubwa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima aliwasalimu wote na kuwapungia mkono. Mzee wa kanisa aliinua kofia. Nachisale alimuuliza hali ya watoto, na kabla hajajibu alikuwa mbali, akamlaumu kwa sauti kwamba siku hizi hajibu watu.

Enelesi alisikia sauti ya mama yake, akageuza shingo. Aliona uso wa mumewe, umekaza kama mtu anayebeba mayai, na nyuma ya kichwa chake kilemba cha mama yake kikielekea upande mwingine, kikitikisika kwa kila shimo. Alitazama. Akatazama tena. Kitu kilimpanda kifuani, akadhani ni kilio, na kilipotoka kilikuwa kicheko, kidogo, kibovu, kama mlango uliofungwa muda mrefu.

Sikelo alikisikia. Akapiga kengele mara mbili.

Enelesi hakuwa na kifuniko cha sufuria. Alimgonga Gilosi begani. "Kaka Gilosi," alisema, "nisaidie kumminya huyo bata wako. Mara mbili."

Bata alilia mara mbili kwenye ule mvumbi, na kuku wa vijiji vitatu wakaingia porini. Nachisale, ambaye hakuona lolote, alidai aambiwe huko nyuma yake kuna nini.

Haikuisha siku ile. Sista Mwandida alimsikiliza Enelesi muda mrefu, akamtaka arudi kila wiki, na alirudi wiki tisa, nyingine akiwa afadhali na nyingine akiwa vibaya. Wake wenza walishika zamu. Kufikia mbaazi kukauka alikuwa akipukuchua bila kugeuza shingo. Nachisale alikwenda naye kila mara, kwa baiskeli ya mkwewe, kinyumenyume, na hadi leo ukipanda njia ile utamwona akija kwa mgongo na kuondoka kwa uso, akiwauliza watu habari ambazo hasubiri majibu yake. Mtu akimtania kuhusu jogoo wake, hujibu kwamba haazimishi tena.